Ushuhuda wa Pafu la Keza

Diani, 12 Agosti 2023

Kwa Shangazi Illuminée,

Shikamoo. Natumaini wewe na mzee wako Tonton Védaste mko wazima, duka la vitenge linauza, na goti lako halijaanza fitina zake za msimu wa mvua. Mimi sijambo. Nakuandikia kwenye karatasi kama mtu wa zamani kwa sababu tangu Juni umeniblok WhatsApp, na nikipiga simu naambiwa hupatikani, ingawa jirani yako Claudette anakupata vizuri sana kila asubuhi. Basi barua nimempa dereva wa basi. Huyu huwezi kumblok.

Habari zenyewe ni nzuri. Miezi sita imepita tangu nianguke vibaya. Nakukumbusha tu ilivyokuwa, maana nasikia huko kuna matoleo mengine. Upepo ulinisukuma wakati wa kutua, nikagonga uzio wa uwanja kwa ubavu, mbavu mbili zikavunjika, moja ikatoboa pafu la kushoto, pafu likasinyaa, wakanitia mrija kifuani, nikalazwa, nikatoka. Basi. Wiki iliyopita daktari amenipiga picha ya kifua, akasema pafu limejaa vizuri, mbavu zimeunga, naweza kurudi kuruka. Wewe umekuwa ukiwaambia watu kwa fahari kwamba kazi yangu ni ya kwenye ndege. Hukuwaambia tu kwamba huwa nashuka kabla haijatua.

Sasa Claudette amenitumia sauti aliyoirekodi kanisani kwenu. Nimekusikia, Shangazi. Umesimama mbele ya watu unashuhudia kwamba Keza, akiwa kitandani hospitalini, alimwapia Mungu kwamba akipona hatapanda tena juu kuruka na mwamvuli. Nilisikia watu wanalia. Mimi pia nilikaribia kulia, halafu nikakumbuka kwamba sikusema hivyo. Nilikuwa na mrija kifuani. Hata maji nilikuwa naomba kwa kidole.

Naomba uyarudishe hayo maneno polepole, kwa namna utakayoona inafaa. Nataka kuruka mwezi ujao, na sipendi nitue nikute nimeshakufuru.

Mwanao,
Keza


Mbugangari, Gisenyi, 10 Septemba 2023

Keza mutoto ya kaka yangu,

Shikamoo yako imefika, sijui niiweke wapi, sisi huku tunasalimianaka na mukono tu. Siku hizi Kiswahili yako inasikika kama ya redio. Huku tuko wazima. Vitenge inauzika pole pole, ile inatoka Goma inaingia na bei ya chini na inatuua. Goti iko mahali yake. Tonton amenunua redio ingine, anasema ile ya zamani ilikuwa inatoa habari mbaya tu, tunangojea kuona kama hii mupya itatoa nzuri. Samaki ya sambaza ya Rubona imepanda bei, lakini mi nakula, nitafanya nini.

Bon. Mambo yako sasa.

Nimesoma kama pafu imepona. Donc basi, tunabakia na kichwa. Muulize docteur kama ile mashini yake inapigaka na kichwa picha.

Unasema haukuapa. Nani alisema uliapa na mudomo? Ulikuwa unashindwa hata kupumua. Mi ni shangazi yako. Baba yako alitutoka ukiwa na meno ya maziwa, na tangu ile siku nikakuombea chakula, nikakuombea nafasi ku masomo, nikakuombea viatu. Siku moja tu nakuombea kiapo, unaona ni wizi. Ile saa walinipigia simu kama umeanguka, nilipiga magoti mu duka, mbele ya wateja, nikamwambia Mungu: umuache, hatapanda tena. Akakuacha. Sasa unataka nimwambie nini? Kama mutoto amebadilisha mawazo, tunaomba pafu irudi vile ilikuwa?

Na tena, ushuhuda inasaidia watu. Wamenialika Rubona, ku kanisa moja karibu na bandari, watu wakajaa mpaka inje. Dimanche inakuja, siku ya kanisa, wananingojea Goma, nitapita mupaka ku Petite Barrière asubuhi. Claudette ndiye anapanga programu. Amechagua kitenge moja ya kundi muzima, na yako iko kwangu, nitakutumia.

Usiruke. Kuja nyumbani.

Shangazi yako,
Illuminée


Diani, 22 Oktoba 2023

Shangazi,

Natumaini mlirudi kutoka Goma salama na mpakani hamkusumbuliwa. Mpe Tonton pole ya redio. Hapa mvua zimeanza. Kutwa nzima niko ukumbini nakunja miavuli ya wenzangu, wao wanaruka mimi nakunja, na mgongo sasa unaniuma kuliko mbavu.

Ya Goma nimeisikiliza. Claudette hanifichi kitu. Nakupongeza, maana kazi inakua. Rubona nilikuwa na pafu moja lililosinyaa. Goma yamekuwa mawili. Rubona daktari alitikisa kichwa; Goma ameshanifunika shuka usoni. Halafu kuna malaika aliyevaa nyeupe akasimama pembeni mwa kitanda. Huyo nadhani ni nesi wa zamu, na alikuwa ananikaripia nisijikune penye mrija. Nakuomba sana usifike Bukavu. Kwa mwendo huu, Bukavu nitazikwa kabisa.

Nadra anakusalimia. Yeye ndiye mkuu wetu wa kuruka, mama wa Mombasa mwenye subira kuliko mimi na wewe tukichanganywa. Ndiye aliyenifunza, enzi zile nikiwa mpokezi wa hoteli, badala ya kuwatazama wageni nawatazama watu wanaoshuka toka angani. Anasema hajawahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa maarufu hivi nchi nyingine akiwa bado hai.

Kuhusu kuruka, bado. Upepo haujatulia. Tutaona mwezi ujao.

Keza


Mbugangari, 26 Novemba 2023

Keza,

Salamu. Tonton anakohoa kidogo, ni vumbi ya Mbugangari, si kitu. Wateja wa sikukuu ya Noël wameanza kuja, wanagusa kila kitenge, wanauliza bei, wanaenda kufikiri. Sijui wanaendaka kufikiria wapi, sababu hawarudi.

Bukavu sikufika. Walinialika, lakini kupanda bateau mu ziwa inanipa kizunguzungu. Ushukuru bateau.

Juu ya ile mapafu mbili. Mutu akisimama na micro mbele ya mudomo, watu wanamungojea, maneno inatoka yenyewe. Mi ni muuza kitenge. Nikisema bei, wananikatiza. Ku mikutano ya mutaa, nikiinua mukono, chef mwenye kuongoza anapita na macho juu yangu kama niko dirisha. Lakini nikisema Keza, hata watoto wananyamaza. Haujui vile inafurahisha. Usinicheke.

Sasa mi nauliza. Mu Août, barua ya kwanza, uliandika utaruka mwezi inakuja. Octobre ukaandika upepo. Nimesoma barua yako tena na tena, hakuna mahali umesema umeruka, hakuna mahali umesema umeacha. Sisi huku ku ziwa Kivu tunajua upepo. Inaamka, inapiga kelele, inachoka, inalala. Ile yako ni ya aina gani, inavuma miezi yote bila kwenda kula?

Na kuna hoteli moja huku, chini ku ziwa, inatafuta mutu ya reception mwenye anajua Kiswahili na Kiingereza. Patron, mwenye hoteli, anasali na sisi. Alinisikia, akalia, akasema ile kiti ni ya Keza, isipewe mutu mwingine. Ni nyumba ya chini, haina étage ya kupanda. Hata ukiteleza, unafika.

Illuminée


Diani, 20 Desemba 2023

Shangazi,

Krismasi njema kwenu nyote. Kitenge cha kundi kimefika, asante. Ni kizuri. Nimekishonesha gauni, na nikilivaa Nadra ananiita Mtakatifu.

Mshukuru patron kwa hicho kiti cha chini. Mwambie nafikiria. Uniambie na wewe kama nitakuwa nauza chumba tu, au na ushuhuda asubuhi pamoja na chai.

Umeuliza habari za upepo. Huku pwani hatuna kazi nyingine, tunavuma. Mwezi huu pia wageni ni wengi na ndege inajaa, sipati nafasi.

Msalimie Tonton, anywe maji ya moto. Heri ya mwaka mpya.

Keza


Mbugangari, 29 Januari 2024

Keza,

Bonne année, hata kama mwaka imeshaanza kuzeeka. Tonton bado anakohoa. Barua yako ya Noël nilikaa nayo sana bila kujibu, nilikuwa nangojea ipate maneno.

Wiki jana Nadra amenipigia simu. Namba yangu wako nayo tangu ile siku ya ajali. Ni mutu ya heshima, yule mama. Alinisalimia, akasalimia na nyumba, na duka, mpaka nikasahau kuuliza anataka nini. Kisha akasema: Mama, nakuomba umfungue mwanao nadhiri.

Nikamuuliza, mwanangu gani amefungwa?

Akanielezea. Kumbe tangu Septembre umepanda ile ndege mara mbili. Mulango inafunguliwa, wenzako wanatoka, we unabakia umekaa, unarudi chini na pilote. Akikuuliza, unamwambia: shangazi yangu ameweka nadhiri, na kwetu Rwanda neno ya shangazi haivunjwaka. Na yeye, dini yake haimuruhusu kumusukuma mutu avunje nadhiri. Ndio maana akaniomba mi, na adabu yote.

Nilikaa juu ya mizigo ya vitenge, nikashindwa hata kuhudumia. Neno ya shangazi haivunjwaka. Tangu lini? Nilisema usiende Kenya, ulienda. Nilisema usinyoe nywele, ulinyoa. Nilisema yule kijana wa Ruhengeri ni muvivu, ukamupenda mwaka muzima. Leo ndio umejua kutii, tena kwa siri, bila hata kuniambia nifurahi. Huku unaniandikia barua za kunicheka juu ya kiapo, na kule unaivaa kila siku. Nimeumia, Keza. Nimekasirika na nimeumia, sijui gani inaanza.

Bon. Jana kanisani Claudette amenipa micro kama kawaida. Nikasimama. Nikasema: Keza hakuapa. Niliapa mi, na mutu haapaka na mudomo ya mutu mwingine. Nikasema mapafu ilikuwa moja. Nikasema malaika alikuwa infirmière wa zamu. Nikasema mutoto anataka kuruka tena, na mi simukatazi. Walinyamaza kweli, lakini si ile kunyamaza ya zamani. Claudette alinitoa micro ku mukono kabla sijamaliza. Programu yote ya Février imefutwa. Patron wa hoteli alipita karibu yangu inje, akaangalia pikipiki zinapita, kama hajawahi kuona pikipiki.

Na Mungu nimemwambia mi mwenyewe. Kama kuna mutu ya kulipa, anajua duka yangu iko wapi.

Sasa mi siko tena pale ku mulango ya ndege. Ukitaka kuacha, acha, nitafurahi. Lakini useme ni wewe.

Illuminée


Diani, 18 Februari 2024

Shangazi,

Leo sina salamu ndefu, mtanisamehe. Tonton aende hospitali, aache kusikiliza redio kama ndiyo daktari.

Nani alikuomba ufanye hivyo? Nilikuomba Agosti, ukakataa. Umefanya Januari, wakati nilipokuwa nimeshaizoea hiyo nadhiri yako kuliko wewe mwenyewe. Hongera kwa kuchagua wakati. Sasa Nadra ananitazama kwa huruma, na huruma yake ni nzito kuliko makaripio.

Sawa. Ni mimi. Naogopa. Hilo neno sijawahi kuliandika, na hapa kazini sijalisema.

Ndege ikipanda niko mzima, nacheka, nawakagulia wageni mikanda yao. Mlango ukifunguliwa, ule upepo ukiingia, pafu la kushoto linajikaza kama ngumi. Daktari anasema haliwezekani hilo. Basi aje akae pale yeye. Nakumbuka nilivyolala kwenye nyasi chini ya ule uzio, navuta hewa na hewa haiji, natazama viatu vya watu wanaokimbia, nikifikiri kwamba hivi viatu ndivyo vitu vya mwisho nitakavyoona. Siogopi kuanguka, Shangazi. Kuanguka nakujua. Naogopa kukosa pumzi nikiwa peke yangu.

Na nisiporuka, sijui nitakuwa nani. Nilipokuwa mpokezi, kazi yangu ilikuwa kuuliza watu wengine wanataka nini, nikitabasamu. Kule juu ndiko nilikojua kwa mara ya kwanza mimi ninataka nini. Nikikalia kile kiti chenu cha chini, nitatabasamu vizuri sana, na kila asubuhi nitakuchukia wewe, ingawa hukunikosea.

Kwa hiyo niambie nisiruke. Andika tu kwa mkono wako: Keza, usiruke. Safari hii nitakutii, na naapa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Keza


Mbugangari, 3 Machi 2024

Keza mutoto yangu,

Salamu nyingi. Tonton alienda hospitali, wamemupa sirop, amepona, sasa analaumu sirop kwamba ilikuwa na sukari mingi. Leo Claudette amenisalimia ku mulango ya kanisa. Na kidevu tu, lakini ni mwanzo.

Barua yako nimeisoma mu duka, nikafunga duka.

Apana. Sitaandika usiruke. Na sitaandika uruke pia, usinitafute huko. Unataka neno yangu ili kesho uwe na mutu ya kulaumu. Ile kazi nimeiacha, mushahara yake ilikuwa mubaya.

Nitakuambia tu yangu. Mi niliogopa. Mapafu mbili, shuka, malaika, ile yote ilikuwa woga. Kila mara nikisema mu micro mutoto hatapanda tena, na watu wakijibu amina, nilikuwa narudi nyumbani nalala muzuri. Wiki bila ushuhuda, silali. Ndio sababu nilikuwa naenda Goma, si juu ya Goma. Sasa sina micro na silali, Tonton anasema nageuka mu kitanda kama chapati.

Ukiruka, nitaogopa. Ukikuja kukaa reception na kunitabasamia mi kama mugeni amekosa chumba, nitaogopa zaidi. Ile pumzi ya peke yako, siwezi kukupumulia. Nilijaribu, uliona matokeo yake.

Nakupenda. Ile neno sikuandikaka, sababu hii karatasi inatembea na chauffeur wa basi na wanafunguaka mizigo ku mipaka. Leo wafungue, wasome.

Fanya yenye unataka, kisha uniandikie. Kama ni kuruka, andika. Kama ni kuacha, andika, nitakupikia. Habari ya upepo tu ndio sitaki tena.

Shangazi yako,
Illuminée


Diani, 24 Machi 2024

Shangazi yangu,

Salamu kwako na kwa Tonton, na hongera zake kwa kuishinda sirop. Mimi ni mzima, na leo silisemi neno hilo kwa desturi tu. Jana nimeruka.

Tafadhali usinitafutie malaika. Sikuona nuru yoyote. Niliogopa tukipanda, niliogopa nikianguka, na mwamvuli ulipofunguka, badala ya kufurahi, nikaanza kuogopa kutua. Pafu lilifanya kazi kama karani wa ofisini, bila furaha, lakini lilifanya. Nilitua kwa makalio, mbali kabisa na uzio, nikakaa pale kwenye nyasi nikipaza sauti kwamba napumua, napumua. Wageni wawili waliokuwa wanakunywa soda wakanipigia makofi, walidhani ni sehemu ya maonyesho. Nililia mbele yao. Leo mbavu zinauma. Jumamosi ijayo nitapanda tena, na huenda nikarudi chini na rubani, sijui, nitakuandikia.

Lakini kuna jambo la kule mlangoni nataka ulisikie kwangu, maana hilo Claudette hana sauti yake.

Wenzangu walikuwa wameshatoka wote. Nilikuwa nimekaa vilevile kama siku zile nyingine. Nadra alinishika bega, akainama sikioni kwangu, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayejua jibu: leo amekataa nani?

Nikakufikiria wewe. Lakini wewe umeshajitoa, tena mbele ya kanisa zima. Nikamfikiria daktari, ameshatia saini. Nikatafuta mtu mwingine yeyote wa kumtaja, Shangazi, nikakosa.

Nikatoka.

Keza